Mtaa Uliojuana kwa Majina ya Mbwa

Saa kumi na mbili asubuhi, geti jeusi linafunguka nusu na pua inatangulia. Inafuata shingo, kisha Biskuti mzima mzima, dume lenye ukubwa wa ndama, linalomrukia mwanamke aliyesimama nje nusura limwangushe.

"Taratibu wewe! Mguu wenyewe huu ndio kwanza umepona," anamkemea huku akicheka, na kuifunga kamba yake kiunoni pamoja na za wenzake watano.

Nyuma ya mbwa anatoka mwenye nyumba, jaji, kipande cha mkate mdomoni na mkoba kwapani, akikimbilia treni ya mjini. Muda si mrefu mtaa mzima utakuwa umehama, umebaki na walinzi, maua na mbwa.

"Ukitaka kuona matajiri walivyo maskini, pita hapa saa nne," anasema mwanamke huyo, ambaye walinzi wa mageti wamembatiza jina la Mama Msafara. "Baraza nzuri kila nyumba, na hakuna wa kuikalia!"

Hapakuwa hivi tangu mwanzo. Hapa palikuwa na shamba moja la maziwa, na babamkwe wake alikuwa mkamuaji. Mwenye shamba alipofariki, warithi wakakata viwanja. Treni ikaanza kusimama, na wenye uwezo wakahamia kufuata hewa safi. Mwanzoni walipanda michongoma, wakawa wanasalimiana juu yake. Baadaye wakajenga kuta, na juu ya kuta wakatandaza nyaya za umeme.

"Pale wanapochezea tenisi palikuwa zizi," anasema mzee, ambaye utani kwa mkwe wake haumwishi. "Sisi tulichunga ng'ombe. Huyu anachunga mbwa. Haya, jioni tukamue nini?"

Lakini jioni chakula huwa mezani, na ada za watoto watatu hutoka kwa mbwa hao hao, kwani mumewe ni fundi rangi: leo kibarua kipo, kesho hakipo.

Mama Msafara aliletwa mtaani na pasi. Alikuwa akimnyooshea jaji nguo, na Biskuti, aliyeachwa peke yake kutwa, alilia hadi kazi ikawa haifanyiki. Akaomba ruhusa amtoe nje. Kesho yake mbwa wa jirani akaanza kulia naye apelekwe.

Wenye nyumba hakuwakuta ila mara chache, hivyo aliwaita kwa mbwa wao, kama watu wanavyoitwa kwa watoto wao. Jaji akawa Baba Biskuti. Daktari wa meno wa nyumba ya pili akawa Mama Chui.

"Mbwa wao walikuwa chanda na pete," anasema. "Wenyewe ukuta mmoja, miaka tisa, hata chumvi hawajaombana."

Msimu wa mvua uliopita alikanyaga shimo lililojaa maji, kifundo kikavunjika. Akafungwa plasta, akaambiwa akae kitandani wiki sita. Wenye mbwa wakamwambia asijali, watawatembeza wenyewe. Wakamletea na matunda. Hapo ndipo hofu ilipomwingia.

"Akufukuzaye hakwambii toka," anasema. "Nikajua wakishaona kazi ni kushika kamba tu, mimi basi. Nililia mpaka babamkwe akaacha utani."

Kumbe mtaani mambo yalikuwa mengine. Biskuti hakutembezwa, bali alimtembeza jaji. Jumamosi ya kwanza alimburuta njia ile ile ya siku zote hadi geti la Chui, akaketi, akagoma kuondoka. Daktari akatoka na ndala.

"Samahani," jaji akamwambia, akihema. "Nasikia mimi ndiye Baba Biskuti."

"Kumbe ndiye wewe!" daktari akashangaa. "Walinzi wanakutaja kila siku. Nikadhani una kiwanda cha mikate!"

Hadi plasta inakatwa, kila Jumamosi nusu ya mtaa ilikuwa inaburutwa hadi geti lile. Ndipo jaji akampigia simu Mama Msafara: Jumapili afike barazani kwake, wote watakuwepo.

Alikwenda na mkongojo, na funguo za mageti yote ndani ya kipochi.

"Nilizimwaga mezani kabla hawajafungua mdomo," anasema. "Niliona afadhali nizitoe mwenyewe kuliko kunyang'anywa."

Jaji akazisukuma zikamrudia. "Za nini hizi, dada? Tumenyanyasika vya kutosha. Rudi kazini. Jumamosi tu ndiyo utuachie, tumeshazoeana."

Mama Msafara anakiri kwamba alilia tena, na safari hii baraza zima lilimshuhudia.

Sasa wanamchangia mbao. Nyuma ya nyumba ya familia yake, karibu na stesheni, linainuka banda ambamo mbwa watalala wenye nyumba wakisafiri, na anataka liwe limeezekwa kabla ya likizo ya shule. Jaji na daktari, wakikutana stesheni, huitana "mkwe", maana Chui ana mimba na baba anajulikana.

Misumari anaigongomea babamkwe, ambaye hapo mwanzo aliapa kwamba mbwa hatakanyaga uani kwake. Ametenga chumba kimoja pembeni na hataki kiguswe.

"Mtoto mmoja wa Chui ni wetu, nimeshaongea na wakwe," anasema, msumari mdomoni. "Ataitwa Maziwa. Jioni nikiuliza maziwa yako wapi, yaje yenyewe yakikimbia."