Mjumbe Asiyeitwa Kikaoni

Celia alivushwa mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita, angali mgongoni kwa mama yake, na tangu siku hiyo hakuwa na kwao pengine ila Nalitope. Hapo aliolewa, hapo alizaa, hapo alimzika mumewe na binti yake wa mwisho. Riziki yake ilikuwa kubangua korosho, na vidole vyake vilikuwa vimebabuka kwa mafuta ya maganda. Watu walimwita Mama Jaime. Walimpenda kwa sababu hakukosa msiba wa mtu, na walimwogopa kidogo kwa sababu hakumung'unya maneno.

Kwa hiyo halmashauri ilipounda kamati ya kusimamia makaburi ya umma, mtaa ulimtoa yeye awe mjumbe upande wa wanawake. Alifurahi kweli. Makaburi yalikuwa aibu, nyasi zimemeza misalaba, mbuzi wanalala juu ya watu. Siku ya uzinduzi wajumbe walilishwa pilau, wakapigwa picha mbele ya lango jipya la chuma, wakaambiwa watapewa taarifa ya kikao cha kwanza.

Taarifa haikuja. Kila alipokwenda kuuliza, Innocent, afisa wa makaburi, alimpokea kwa tabasamu. "Vuta subira, mama. Mambo yanawekwa sawa." Mwaka ukakatika. Nyasi zikarefuka, bomba la pale langoni likakauka.

Kisha akafariki Bibi Graca, jirani yake. Celia ndiye aliyemwosha na kumvika. Jumamosi wakambeba, katekista mbele, vijana wanapokezana jeneza, hadi makaburini. Lango lilikuwa limefungwa kwa kufuli.

"Ada mpya haijalipwa," alisema mlinzi kwa sauti ya chini, bila kumtazama mtu.

Domingo, mtoto wa marehemu, alitoa risiti. Ile ilikuwa ada ya zamani, akaambiwa. Mpya ni mara tatu yake, na zege la kufunikia kaburi sharti linunuliwe kwa mzabuni wa halmashauri. Mlinzi akapiga simu. Innocent akaja na pikipiki, akavua kofia mbele ya jeneza, akawapa pole kama inavyostahili. Lango hakulifungua.

"Ndugu zangu, si mimi. Ada imepitishwa na kamati."

Domingo aligeuka taratibu akamtazama Celia. "Mama Jaime, ni nyie? Jana umemwosha mama yangu kwa mikono yako, kumbe mlishamfungia mlango?"

Wanawake ambao Celia alitwanga nao mahindi ya msiba tangu alfajiri walikuwa wameacha kuimba.

"Kamati ipi, baba?" alimuuliza Innocent.

"Kamati yenu, mama. Wewe si mjumbe?"

"Nimepitisha lini? Nilikaa kiti gani? Nani alikuwa kulia kwangu?"

"Mama, hayo ni mambo ya ofisini. Tusiyazungumze msibani."

"Ofisini huniiti, msibani unanikataza. Unataka niseme nikiwa wapi, humo ndani nimelala? Kaburi wamechimba vijana wetu jana, lango likiwa wazi. Nyasi tunafyeka wenyewe. Maji ya kunawa tumekuja nayo kwenye madumu. Hiyo pesa mara tatu ni ya kazi gani mliyofanya?"

Celia hakungoja jibu. Aliwageukia vijana wenye sululu.

"Ng'oeni."

Walisita. Akaishika sululu mwenyewe, na hapo Domingo akamnyang'anya, akaipachika chini ya bawaba. Lango liliinuka, likalala mchangani. Bibi Graca akapita.

Jumatatu Celia aliitwa ofisini aombe radhi na agharamie lango. Alikwenda, lakini kwanza aliwapitia wajumbe wenzake nyumbani kwao, katekista, shehe, na mwalimu mstaafu Tumaini. Njiani ndipo lilipofumuka lililomkasirisha kuliko yote: hakuna hata mmoja aliyewahi kuitwa. Kila mtu alidhani ameachwa yeye peke yake, akaona haya kuuliza, hata katekista aliyekuwepo pale langoni.

"Nilijua mnaniona mzee," alisema Tumaini.

"Tumenyamaza kila mtu na aibu yake," Celia alifoka, "na wao wamejenga ada juu ya kimya chetu!"

Mbele ya meza ya mkurugenzi waliulizwa mmoja mmoja, wakajibu vilevile. Mkurugenzi aliahidi kufuatilia. Baada ya wiki chache Innocent alihamishiwa kituo kingine, na likatoka tangazo kwamba maiti atazikwa kwanza, malipo yafuate. Ada yenyewe haikushushwa hata shilingi. Mzabuni alibaki. Celia aliondolewa kwenye kamati kwa utovu wa nidhamu, nafasi yake akapewa mwanamke asiyefahamika mtaani.

Domingo alikuja jioni moja na samaki wawili na maneno ya kuomba radhi. Celia alipokea samaki.

"Radhi yako kaa nayo," alimwambia, bado hasira haijamtoka. "Mkutano wa mtaa ni Alhamisi. Mimi nitasimama niulize ada ile ilipitishwa na nani. Nikikalishwa, usimame wewe uulize vilevile."