Rukaya na hesabu ya kuonja

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, ukungu ungali umelalia mabati ya soko la Tukuyu, Rukaya Jaffari anachota maziwa mabichi kwa kikombe cha kahawa. Anakijaza hadi kwenye mstari mwekundu aliouchora kwa rangi ya kucha, anakifunika kwa kisahani. Lita nane zilizobaki anazimimina sufuriani.

"Hayo ndiyo yangu ya leo," anasema. "Yakiisha yameisha, hata aje nani."

Rukaya ana miaka 52, na kumi na tisa kati ya hiyo amekuwa akipika chai hapahapa. Babu yake alileta biashara ya nguo kutoka Kilwa. Mjukuu akaangukia kwenye majani na maziwa, vitu ambavyo wilaya hii ya Rungwe haijawahi kuvililia. Na baridi ya huku haitaki mzaha: mteja anataka chai nzito, tamu, iliyochemkia kwenye maziwa matupu. Kwa siku anapika sufuria tisa.

Miaka miwili iliyopita aliambiwa ana kisukari. Alipewa vidonge na onyo kwamba sukari isiposhuka ataanza kujichoma sindano. Marehemu mama yake alijichoma miaka sita, na mwishowe mguu ukakatwa.

"Naiogopa ile sindano kuliko moto," anasema. "Sukari kwenye kikombe changu niliiondoa siku ileile. Yakabaki maziwa."

Basi akaanza kuhangaika na maziwa. Alimwagiza Amoni, anayemletea kwa bodaboda, maziwa yaliyoondolewa mafuta, maana yalionekana mepesi kama maji. Muuguzi wa kliniki, Lusungu, alimsomea maandishi ya pakiti: kalori zilikuwa zimepungua karibu nusu, lakini wanga ulikuwa uleule.

"Mama, kilichotoka ni mafuta," Lusungu alimwambia. "Sukari ya maziwa imekaa palepale."

Akajaribu ya soya. "Nikahisi nakunywa maharage," anasema na kukunja uso. Mwisho akarudi kwa ng'ombe wa Amoni, ila kwa kipimo: kikombe kimoja cha kahawa kwa siku, juu yake chai ya rangi kali.

Sukari haikushuka. Ilisoma 11, mara nyingine 12. Lusungu akamkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Rukaya alitoka kliniki analia, kwa sababu hakuwa ameficha kitu, au ndivyo alivyoamini.

Kisha ikaja Ramadhani. Alifunga kwa ruhusa ya daktari, akiendelea kuwapikia wateja wasiofunga. Mwisho wa mwezi kipimo kikasoma 7. Lusungu hakuridhika kwamba ni saumu peke yake, maana futari ya viazi na tambi Rukaya aliila bila aibu.

"Ukiwa umefunga, chai ya wateja unaionjaje?" aliuliza.

"Kwa ncha ya ulimi, kisha natema."

"Na miezi mingine?"

Miezi mingine Rukaya alikuwa akimeza nusu upawa, mara mbili au tatu kwa kila sufuria, na sukari ikiwa imeshaingia. Siku ya pili walipima kwa maji, wakapata karibu vikombe vitatu vikubwa vya chai tamu kila siku. Haba na haba hujaza kibaba.

"Wallahi sikudanganya," anasema. "Mpishi gani anahesabu kuonja? Kuonja ni kazi, si kunywa!"

Baada ya Idi akajaribu kuendelea kutema. Mzee Ambindwile, muuza parachichi kutoka Kisondela, akaweka kikombe chini.

"Mama, wewe mwenyewe unaitema. Sisi tunakunywa nini?"

Kibanda kizima kilicheka, na wateja wawili wakahamia kibanda cha ng'ambo. Akaamua kupika bila kuonja; wiki hiyohiyo akatia sukari mara mbili kwenye sufuria moja, na nyingine akaipakua maziwa yakiwa yameshachacha. Wateja wakazidi kupungua. Aliona wazi kwamba akiulinda mguu anapoteza kibanda, na akikilinda kibanda anapoteza mguu.

Sasa chai inachemka bila sukari, na kopo la sukari liko mezani. Anaonja kwa kijiko cha chai tu, na kila anapoonja anarudisha sufuriani kijiko kimoja cha maziwa kutoka kwenye kikombe chake. Yanayobaki saa nne ndiyo anayoyanywa, wima, mkono mmoja kwenye mwiko.

Ambindwile alinung'unika siku mbili. Ya tatu akajitilia vijiko vitano. "Ndaga fijo, mama," akashukuru. "Kumbe miaka yote ulikuwa unanipunja!"

Alhamisi Rukaya anarudi kliniki kwa kipimo cha miezi mitatu. Ikisoma kumi, ni sindano. Anasema usingizi haumjii vizuri.

"Ikisoma saba, siku hiyo nafunga kibanda mapema," anasema akifuta meza. "Naenda kwa mdogo wangu Suad. Apike yeye, aonje yeye. Mimi nakaa kitini kama mteja. Miaka kumi na tisa nauza chai, na sijawahi kuinywa nimekaa."