Kitabu cha Uchumi Nilichokisifia Bila Kukisoma

Siku yangu ya kwanza kazini sikuuza kitabu hata kimoja. Msimamizi wa stoo alinipa kitambaa kikavu, akanionyesha maboksi yaliyotoka bandarini asubuhi ile. "Futa vumbi, halafu soma mgongo," akasema. Mgongo, kwa sisi wauzaji, ni ule upande mwembamba wa kitabu unaoonekana kikiwa rafuni. Nilisoma migongo mpaka shingo ikauma.

Duka letu lilikuwa Kariakoo, limebanwa kati ya muuza vitenge na muuza sufuria. Baada ya mwaka mmoja wa stoo nilipandishwa kaunta, nikapewa rafu ya uchumi. Haikuwa heshima. Wenzangu walikimbilia hadithi na vitabu vya watoto, uchumi ukabaki bila mwenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka mmoja akaja Mwalimu wa Uchumi kutoka sekondari moja ya Buguruni, mama mtu mzima mwenye miwani minene.

"Mwanangu, nitafutie kitabu kimoja tu cha kidato cha sita," alisema. "Wazazi wa watoto wangu hawawezi kununua viwili."

Nikachukua kile kinene chenye jalada linalong'aa. "Hiki hapa, Mwalimu. Kina kila kitu."

Nilikuwa sijawahi kukifungua zaidi ya ukurasa wa yaliyomo. Wiki ile wanafunzi walikuja mmoja mmoja, na wote nikawauzia kitabu hicho hicho.

Mwezi uliofuata tuliletewa muhtasari wa somo, yaani orodha ya mada zinazotahiniwa. Wateja walikuwa wachache siku hiyo, nikakaa kuulinganisha na kile kitabu. Lilikuwa toleo la zamani. Mada mbili nzima hazikuwemo, na nyingine ilikuwa imeshabadilishwa.

Nilimwendea Meneja. Alikuwa mtu wa ukoo wa Kiarabu uliofanya biashara mjini tangu enzi za babu zake, na hakuwahi kupaza sauti.

"Ulikisoma?" akaniuliza.

"Hapana, Bosi."

"Zuhura, yule mama alikuamini wewe, hakuamini jalada. Nenda Buguruni. Usipige simu, nenda mwenyewe."

Nilimkuta Mwalimu ofisini anasahihisha madaftari. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nami nikayasema yote nikiwa nimesimama vilevile. Akavua miwani, akaiweka juu ya meza. Nikajua sasa ninafukuzwa.

"Kwa hiyo ni kitabu?" akauliza taratibu.

"Ni kitabu, Mwalimu. Na ni mimi."

Akashusha pumzi ndefu, kisha akacheka mpaka walimu wenzake wakageuka. "Wiki tatu hizi nafundisha kitu, watoto wananiambia kitabu kinasema vingine. Nimeanza kudhani akili yangu imechoka. Nilishaanza kuandika barua ya kuomba nipumzishwe somo hili!" Akanivutia kiti. "Kaa, mwanangu. Umenitua mzigo."

Meneja alikubali tubadilishe vitabu vyote, hata vilivyoandikwa majina. Jumamosi mbili wanafunzi walipanga foleni mpaka kwa muuza sufuria. Matokeo ya mtihani yalipotoka, Mwalimu alikuja mwenyewe kaunta. "Wote wamepita," akasema, "hata yule niliyemkatia tamaa." Niliingia stoo, nikakaa juu ya boksi, nikalia.

Tangu hapo nilikuwa nachukua kitabu kimoja nyumbani na kukisoma mpaka mwisho kabla ya kukisifia. Nilipohamishiwa tawi la Posta, walikokuja watu wa maofisini, Meneja wa kule aliona ninachelewesha mauzo. Nikamwambia ndivyo ninavyojua kufanya kazi. Akaniacha.

Nyinyi mnaotaka kujifunza uchumi, msianze na kitabu kinene. Anzeni na chembamba kinachoeleza soko kwa vitu mnavyoviona, kama kwa nini bei ya nyanya za asubuhi pale Ilala si ile ya nyanya za jioni. Kisha tafuteni kinachosimulia uchumi wa nchi yetu ulikopita. Vile vya michoro na hesabu vije mwisho, mkishajua vinazungumzia maisha ya nani. Na mkikutana na gharama ya fursa, msiogope jina: ni kile ulichokikosa kwa sababu umechagua kingine. Na tazameni ukurasa wa toleo kabla ya kuvutiwa na jalada.

Nimestaafu mwaka huu. Siku yangu ya mwisho kijana mmoja wa benki alinyanyua kitabu kipya kabisa, akaniuliza, "Bi Zuhura, hiki kizuri?"

"Sijui, mwanangu," nikamjibu. "Sijakisoma."

Akakirudisha rafuni, akanishukuru, akaenda zake. Nikachukua mkoba wangu, nikatoka nikiwa mwepesi.