Kidari cha Mjomba Nilichokisaga

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu na kwa makosa ya herufi. Niliishia darasa la sita, na tangu hapo mkono wangu umezoea kisu kuliko kalamu. Ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima. Tena mimi si mzee. Nina mtoto mmoja tu, naye hajaanza kutembea. Lakini mzee aliyestahili kuyasema maneno haya amelala chini ya udongo wa Kabambare, kwa hiyo nayasema badala yake. Mwanangu, nakuandikia wewe. Na kijana mwingine yeyote atakayelisoma daftari hili, akae hapo asikilize pamoja nawe.

Siku ninayoikumbuka mpaka leo ilikuwa Jumamosi, hapa Kasongo, siku wakwe walipoleta mahari ya shangazi yako, dada yangu.

Nilikuwa nimerudi kutoka Salamabila. Huko nilifanya kazi miaka miwili katika mgahawa wa mama mmoja mchuuzi aliyetoka Bukavu. Wateja wetu walikuwa wachimbaji wa dhahabu. Aliyepata kitu shimoni hakutaka bugali, ugali wetu wa kila siku, siku hiyo. Alitaka hambaga, akae nayo barazani ili wenzake waione. Mama yule alinifundisha: nyama unaisaga kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, unachanganya na kitunguu, chumvi na pilipili kidogo, unaikanda mpaka ishikane, unaifanya duara bapa, unaikaanga juu ya makala, yaani makaa, kisha unaiweka katikati ya mkate wa mviringo pamoja na nyanya na mayonezi. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba zote ziwe sawa. Mchimbaji akiona ya mwenzake ni kubwa, ngumi zinaanza. Paja, shingo, mbavu, kidari, vyote vinaingia katika mashine ile ile na kutoka kitu kimoja.

Niliipenda kazi hiyo. Mtu mwenye haya kama mimi anapenda kazi isiyomtaka aseme. Nilikaa nyuma nikazungusha mashine, na watu wakasifu chakula bila kuniona uso.

Sasa lazima nikueleze kidogo juu ya bibi yako, yaani mama yangu, na kaka yake. Wote wawili walizaliwa upande wa Kabambare. Mama yao alipofariki, mvua ilikuwa imekata barabara, na mama akafika siku mbili baada ya maziko. Mjomba alimwambia pale pale kaburini kwamba Kasongo imemsahaulisha kwao.  Mama alirudi nyumbani, na kwa miaka sita hawakusemezana. Lakini kwetu binti haolewi bila mjomba wake kukaa mbele ya watu. Baba alituma ujumbe mara tatu, na mara ya tatu mjomba alikubali. Alikaa siku mbili njiani nyuma ya pikipiki, mtu mzima vile, akashuka koti lake limejaa matope mpaka kwenye kola.

Na katika ukoo wetu, mbuzi anapochinjwa kwa shughuli kama hiyo, kidari ni cha mjomba. Hakikatwi. Kinapikwa kizima, kinawekwa kwenye sahani peke yake, na dada yake ndiye anayempelekea. Hakuna hotuba. Akikipokea, yaliyopita yamekwisha. Mama yangu hajui kuomba radhi kwa mdomo, nami nimerithi kwake. Alikuwa anangoja sahani ile imsemee. Asubuhi hiyo nilimwona akiosha sahani moja yenye maua, akaiosha tena, na tena.

Baba mdogo ndiye aliyechinja. Akaniletea nyama nyuma ya nyumba nilipowasha makala, akaniambia, "Kidari ni ya mujomba." Nikaitikia kwa kichwa.

Lakini mbuzi alikuwa mdogo, na wakwe walikuja wengi kuliko tulivyotazamia. Nilikuwa na mashine ya kusagia niliyopewa na mama yule wa Salamabila nilipoaga. Mikate nayo ilikuwa tayari. Nilitaka siku hiyo watu wa kwetu wale kitu ambacho walikuwa wanakisikia tu. Nikatazama mikate, nikatazama nyama niliyosaga, nikaona haitatosha. Kidari kilikuwa pale pembeni, juu ya jani la mgomba.

Mama alikuwa ndani na wanawake wa upande wa pili. Nilikwenda hadi mlangoni. Ningemwita, ningemuuliza kwa maneno matatu. Nikawaona wanawake wote wale wameketi, nikajua watageuka kunitazama, nikarudi. Nikajiambia kwamba ya mjomba nitaifanya kubwa kuliko zote, tena nitaiwekea yai juu. Nikatoa mifupa, nikasaga.

Mwanzoni ilikuwa furaha. Hakuna aliyejua pa kuanzia. Dada mkubwa wa baba aliigeuza hambaga yake huku na huku, akasema, "Hii mukate ilimeza nyama. Sasa nani atachinja mukate?" Wakwe wakacheka. Baba mdogo alipata mayonezi kwenye ndevu, wakamwambia amezeeka leo leo kabla binti hajatoka nyumbani. Niliyasikia yote nikiwa nyuma ya ukuta, na moyo wangu ulijaa.

Kisha mama akaja na sahani yake ya maua. Alinyoosha sahani. Nikaiweka juu yake ile hambaga kubwa yenye yai. Aliitazama. Akanitazama mimi, akaitazama sufuria nyuma yangu, haina kitu. Nje watu walikuwa wanamngoja. Akaipeleka.

Mjomba aliipokea kwa mikono miwili, na kelele zikapungua.

"Kidari iko wapi?" aliuliza. Hakupaza sauti.

Mama alibaki amesimama. Baba mdogo akaniita nitoke. Nikatoka, mikono ina mafuta, mbele ya watu wote niliokuwa nimewakimbia.

"Iko ndani, mujomba," nikasema.

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya zote. Nilisaga pamoja."

Akatazama watu mmoja mmoja, kila mmoja na yake mkononi. "Basi kila mutu hapa ni mujomba," akasema.

 Aliiweka sahani chini taratibu, akaomba koti lake. Baba alimsihi, wakwe wakamsihi. Mama alimfuata mpaka barabarani, akabaki amesimama pale muda mrefu baada ya pikipiki kupotea. Shangazi yako aliolewa bila neno la mjomba wake. Mpaka leo anakula kila ninachopika isipokuwa hambaga.

Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Siku nyingi baadaye, tukiwa tunachambua sombe, majani ya mihogo, alisema, "Ungeniita." Hajasema tena.

Misimu miwili ya mvua ilipita. Ndipo zikaja habari kwamba mjomba ni mgonjwa. Nilimwambia mama twende. Akasema kaka yake akimtaka atamwita. Najua aliogopa kukataliwa mbele ya watu kwa mara ya pili. Nikaamua kwenda peke yangu. Alfajiri ya safari nilikuta sahani ya maua ndani ya mfuko wangu, imefungwa kwenye kitenge chake.

Nilimbeba mbuzi mzima kwenye kikapu nyuma ya pikipiki. Barabara ile mnaijua. Tulizama, tukasukuma, tukazama tena, na mbuzi akalia njia nzima. Nilijifunza maneno ya kumwambia mjomba kuanzia Kasongo hadi kijijini kwake. Nilipofika nikamkuta kwenye kiti mlangoni, mguu umevimba, mashavu yameingia ndani, na maneno yote yakanipotea. Nikamsalimu tu. Nikachinja mbuzi mbele yake, nikatoa kidari kizima, nikakiweka kwenye sahani ya maua, nikapiga magoti.

Aliitambua sahani. Alikishika kidari kwa vidole, akapapasa mfupa wake kutoka juu hadi chini. Akakaa nacho magotini. Halafu akaniambia nikikate katikati, na nusu moja ikauke juu ya moto.

"Hii ni ya dada yangu," akasema. "Ikae na mifupa yake." Nusu ya pili akanirudishia. "Hii saga."

Nilifikiri sikusikia vizuri.

"Meno imekwisha, mupwa wangu. Saga. Lakini sagia hapa, nione."

Sikuwa na mashine. Nilikatakata kwa kisu juu ya gogo mpaka nyama ikawa laini, nikaichanganya na kitunguu, nikaikaanga kwa mafuta ya mawese. Mkate ulikuwa wa dukani Kabambare, wa jana yake, nikaulainisha kwa mchuzi. Alikula polepole sana, akafika nusu.

"Ile siku ilinukia vizuri," akasema. "Njia nzima nilikuwa na hasira, na njaa." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Nami nilicheka nimeinamisha kichwa. Alipotulia akasema, "Mimi sikukataa chakula yako. Niliona watu ni wengi, mbuzi ni mudogo. Ungenionyesha kwanza ile ya kwangu, ningekuambia mwenyewe: saga, watu wakule."

Akaniagiza nirudi upesi nimlete dada yake.

Siku mbili tena barabarani, na simu haikupata mtandao. Nilipoingia Kasongo niliona mikeka imetandikwa nje kwetu na watu wameketi kimya. Habari ilikuwa imenitangulia kwa simu: mjomba amefariki nikiwa njiani. Mama alikuwa katikati ya wanawake. Safari hii nilipita mbele yao wote bila kuwaona.

"Alikula?" akaniuliza.

"Alikula."

"Yote?"

"Nusu. Hii nusu ingine alisema ni ya kwako."

Aliipokea, akaiweka mapajani, akaifunika kwa pindo la kitenge. Alikaa nayo hivyo watu wakiimba. Siku ya kuondoa matanga aliipika bila kuikata, akaila peke yake, na hakuna aliyemsogelea.

Mwanangu, sikukatazi hambaga. Mimi bado nazitengeneza, karibu na soko, na watu wanazipenda. Mgahawani zote ziwe sawa. Hilo ni sharti zuri, kwa sababu wanaokuja pale hawajui hata jina la mama yako. Nyumbani sivyo. Nyumbani yuko mtu anayengoja kitu chake, na pengine amekingoja miaka, wala hatasema. Kabla hujaweka nyama ya watu kwenye mashine, uliza ni ya nani. Ukiona haya, uliza ukiwa na haya yako hiyo hiyo. Mimi niliogopa macho ya wanawake wachache kwa muda wa kuvuka mlango, na mama yangu hakumwona tena kaka yake. Kitu kipya ulichojifunza mbali kilete, lakini mwenye sehemu yake aione kwanza ikiwa nzima, akiruhusu ndipo usage. Na ukikosa, usingoje mvua mbili. Nenda kesho yake.

Wewe umebeba jina la mjomba. Mwezi uliopita, meno yako mawili yalipotoka, nilileta kidari cha mbuzi nyumbani. Bibi yako alikuwa amekupakata, na sahani ya maua iko mbele yenu. Nilikuonyesha. Ulikishika kwa mikono miwili, ukajaribu kukiuma, kikakushinda, ukalia. Mama yangu alikutazama, kisha akanisogezea sahani. "Saga sasa," akaniambia.

Mungu akukuze, mwanangu. Akupe mdomo mwepesi kuliko wangu, akupe ndugu wa kugombana nao na siku za kutosha za kupatana nao kabla meno hayajaisha. Na kila kijana aliyesoma hapa, barabara imfikishe kwa watu wake wakiwa bado wanakula.

Nanyi mliofika mpaka mwisho, niandikieni, hata kwa mwandiko kama huu. Niambieni kwenu kidari ni cha nani, na nani anakipeleka. Nitasoma polepole, lakini nitasoma.