Fundi Aliyesikiliza Mota

Mume wangu ni fundi umeme wa magari. Mimi mwenyewe humwita Fundi, hata nyumbani, hata siku tulizonuniana. Wenzake wa uwanjani wanamwita Sikio. Jina hilo hakulipata kwa sababu ya ukubwa wa masikio, ingawa, tusidanganyane, ni makubwa. Alilipata kwa kazi.

Kazi yenyewe ni ya magari ya fowili. Kuna wakati dereva anazungusha swichi ili magurudumu yote manne yavute, na ya mbele yanabaki kufuata tu kama mgeni. Kosa laweza kuwa popote: kwenye fyuzi, kwenye rilei, kwenye waya uliotafunwa na panya, kwenye soketi iliyoingia maji, au kwenye mota ndogo iliyofungwa chini, ubavuni mwa giaboksi, ambayo ndiyo inayoyaunganisha magurudumu ya mbele. Mafundi wengine hufungua kila kitu, halafu wakashindwa kukirudisha. Fundi hulala chini ya gari, akasogeza kichwa karibu na mota, na mtu mmoja akakaa kwenye kiti cha dereva kuzungusha swichi. Mota nzima hunguruma kidogo kisha ikanyamaza. Iliyochoka hugonga tu, haingurumi. Pakiwa kimya kabisa, basi umeme haufiki, na hapo ndipo anapoanza kuufuata waya kwa vidole mpaka ulipokatika. Mita, husema, itakuambia umeme umefika, lakini haitakuambia mota imechoka. Na taa ya kwenye dashibodi haiamini hata chembe, maana inaweza kuwaka huku magurudumu yamelala.

Huyo mtu wa kwenye kiti ni mimi. Nina kibanda pembeni ya uwanja, nauza fyuzi, balbu na tepu. Zamani, tukiwa bado wachumba, nilimpelekea chakula akaniomba nimzungushie swichi mara moja tu. Mara moja hiyo haijaisha mpaka leo. Watu walimletea magari kutoka mbali, na wengine walikuwa wanasimama kumwangalia alivyofumba macho kule chini, akisikiliza. Mimi juu kwenye kiti nilikuwa najidai, nisiseme uongo. Nilijiona nimeolewa na mtu.

Sijui ilianza lini. Redio yetu ilianza kusikika mpaka kwa jirani, nikadhani ni mapenzi ya taarifa ya habari. Nikimwambia jambo anakaa kimya, nikadhani ni ubishi, maana mume gani si kiziwi akiambiwa akatupe taka? Tuligombana sana kwa ajili ya hilo. Kisha nikaanza kuona anavyonitazama mdomo ninapoongea. Binti yetu, aliyeolewa mbali, zamani akipiga simu Fundi alikuwa ananinyang'anya. Sasa akipokea anasema, ongea na mama yako, na simu ananipa mimi. Siku moja binti akaniuliza, huku sauti inamkatika, amemkosea nini baba yake. Nikamwambia baba amechoka na kazi.

Nilimwomba Fundi twende kwa daktari wa masikio. Akaniuliza mgonjwa ni nani, akachukua kofia yake akatoka. Nilimwelewa, na nilimhurumia. Mtu mwingine akipungukiwa masikio atavaa kifaa, watoto watamcheka kidogo, maisha yataendelea. Yeye bila masikio ni mtu mwenye bisibisi tu, na wenye bisibisi wamejaa uwanjani.

Halafu likarudi gari la mchuuzi wa mboga. Fundi alikuwa ameisikiliza mota yake akasema ni nzima. Gari lilinasa kwenye tope taa ya fowili ikiwa imewaka, magurudumu ya nyuma yakichimba na ya mbele yametulia, na mboga zote zikaozea njiani. Fundi akasema mchuuzi hajui kuendesha. Alisema kwa sauti ya juu, kama anavyosema kila kitu siku hizi. Fundi wa breki, ambaye banda lake limepakana na letu, hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, nikajifanya napanga balbu.

Mvua zikashika. Muuguzi mmoja akaleta gari la zahanati ya milimani, ambalo taa yake ya fowili ilikuwa inakonyeza bila kutulia. Barabara ya huko nimewahi kuipita, ni utelezi mtupu na upande mmoja ni korongo. Gari hilo ndilo linaloshusha wajawazito walioshindwa kujifungua. Muuguzi akakaa kwenye benchi la kibandani kwangu, mkoba mapajani, akaniambia kuna mama mmoja anayemsubiri huko huko.

Fundi akaingia chini ya gari. Akapima fyuzi, akaufuata waya, akakuta soketi imeota kutu ya kijani. Akaisafisha pini kwa pini, akaifunga vizuri ili maji yasiingie tena. Kwa mikono hana mpinzani. Ilibaki kuisikiliza mota, nami nikaitwa kitini.

Nikaweka mkono kwenye swichi. Nikamkumbuka mchuuzi na mboga zake, na nikamfikiria yule mama wa milimani, ambaye hakuwa mboga. Sikujua nitafanya nini mpaka nilipouona mkono wangu umerudi mapajani.

"Zungusha," akasema Fundi.

Sikuzungusha.

"Haya, naisikia. Inavuta vizuri. Rudisha."

Nikabaki nimekaa, mikono nimeifumbata.

"Zungusha tena. Naam. Safi kabisa. Mwite muuguzi achukue gari lake."

Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananidanganya, au kama kichwa chake kilikuwa kinamtengenezea ile sauti aliyoizoea. Sijamuuliza na sitamuuliza.

Nikashuka, nikachuchumaa ubavuni mwa gari, nikainama mpaka uso wangu ukakaribia wake. Neno la namna hiyo mke humnong'oneza mumewe. Wangu mimi huwezi kumnong'oneza. Ilibidi niseme kwa sauti, na uwanja ule hauna ukuta.

"Fundi, sijagusa swichi."

"Unasema?"

"Sijaizungusha. Hata mara moja."

Kwa fundi wa breki spana ikaacha kugonga. Fundi hakunigeukia. Alibaki anaitazama giaboksi juu yake, soketi aliyoisafisha iking'aa, na tone la maji machafu likamwangukia shavuni asilifute.

"Basi kaizungushe," akasema.

Nikapanda, nikaizungusha. Nikiwa hapo hapo kitini, wala sikulala chini ya kitu chochote, niliisikia wazi. Iligonga, ikagonga tena, haikunguruma. Taa ikakonyeza ikazimika.

"Inasemaje?" akaniuliza.

Miaka yote hiyo hajawahi kuniuliza mimi gari linasemaje. Nikashuka, nikamwinamia tena, nikapaza sauti.

"Inagonga tu. Haivuti."

"Imekufa hiyo. Mwambie muuguzi asiondoke nalo. Fundi wa breki amtafutie mota nyingine, aifunge yeye. Halafu kaa dukani kwako, Bibie. Niache hapa kidogo."

Nikaenda. Muuguzi alikuwa amekwisha kusikia yote, lakini aliniacha nimwambie, akashukuru kwa heshima, akapiga simu milimani wamtafutie yule mama usafiri mwingine. Fundi wa breki akavaa koti lake la mvua akaenda kutafuta mota bila hata kuuliza ya aina gani, ikabidi arudi kuuliza. Nikamwonyesha gari kwa kidole.

Ndipo kilio kikatoka chini ya gari.

Namjua mume wangu. Msiba wa mama yake alilia kofia imemfunika uso, mabega tu yakitikisika, na sisi tuliokaa karibu hatukusikia kitu. Ndivyo alivyodhani analia na siku ile, kimya kimya, amejificha ambapo hakuna wa kumwona. Lakini alikuwa analia kwa sauti kubwa, kilio cha mtu mzima kinachotoka tumboni, na uwanja mzima tulisimama tunamsikia, isipokuwa yeye. Hakuna aliyethubutu kwenda kumwambia.