Trekta katika Kiwanja cha Watu

Jirani yangu hufukuza mbu kwa kuchoma trei za mayai. Huzitia moto pembeni, huzipuliza mwali uzimike, kisha huziacha ziungue polepole hadi moshi ujae uani. Wapangaji wenzangu hulalamika na kufunga madirisha. Mimi hufungua langu, kwa sababu karatasi inayoungua bila mwali ndiyo harufu ya baba yangu.

Tuliishi Mjambere, huko pwani, wakati ambapo mtu akisimama mlangoni kwetu bado aliona mihogo mbele yake hadi upeo wa macho. Mihogo haikuwa yetu. Iliyokuwa yetu ni nyumba: kuta za udongo, mabati, milango miwili. Chini yake palikuwa kiwanja cha watu, nasi tulikilipia ijara kama majirani wote. Jambo hilo lilikuwa la kawaida mno hata sikumbuki mtu akinieleza. Mtoto alikua tu akijua kwamba mpangaji wa kiwanja hajengi kwa mawe, hapandi mnazi, na siku akiambiwa ahame atabeba mabati na milango yake, aache kila kilichoota mizizi.

Baba aliliweka trekta lake hapo, kati ya jiko na choo.

Lilikuwa mojawapo ya matrekta ya kwanza ya dizeli. Alikuwa ameliendesha ujanani katika shamba la mkonge, na shamba lilipofungwa akaambiwa alichukue, maana hakuna mwingine aliyelitaka. Injini yake ilikuwa na silinda moja tu, pana kama chungu cha maharagwe, na ubavuni palikuwa na gurudumu zito la chuma lililozungushwa kwa hendeli. Kabla ya kupiga hendeli ilibidi silinda ipashwe joto. Kwa kazi hiyo Baba alichovya karatasi za kufungia sukari katika maji ya shura, ile chumvi nyeupe aliyoinunua kwa wauza dawa sokoni, akazianika kambani pamoja na nguo zetu. Zikikauka aliviringa moja, akaiwasha, akaipuliza, akaichomeka ndani ya kichwa cha silinda ikiwa kaa jekundu. Nguo zetu za kanisani zilinuka moshi huo. Mwalimu wa shule ya Jumapili aliwahi kuniuliza kama nyumbani tunatengeneza fataki.

Baba hakuwa peke yake katika ugonjwa huo. Mzee Kazungu, aliyemwoa shangazi yangu, alikuwa na matrekta mawili kule Bofu, yote hayana magurudumu, na kuku wakitaga chini ya kiti. Karani mmoja wa bandarini, mtu wa bara, alikuwa na injini tupu juu ya matofali huko Changamwe. Jumapili baada ya ibada walikutana kwetu, wakabadilishana boliti, wakabishana kuhusu oili kama watu wengine wanavyobishana kuhusu siasa. Kisha waliwasha karatasi na kupiga hendeli kwa zamu. Injini ilikohoa mara moja, ikanyamaza, nao wakarudi kwenye chai wakiwa wameridhika kabisa.

Mpita njia mmoja aliwahi kuuliza yale machuma yanafaa nini. Mzee Kazungu alimjibu kwamba ng'ombe akizeeka huchinjwa, lakini huyu akizeeka husikilizwa. Mama hakuwa na subira hiyo. Aliwaambia wanawake bombani, "Nimeolewa na mwenye trekta asiye na hata tuta moja la mhogo." Walicheka, na Baba aliposimuliwa akacheka pia. Nilidhani ulikuwa mzaha.

Nilikuwa darasa la tano Bwana Athmani alipokuja. Yeye ndiye aliyekusanya ijara kwa niaba ya wenye ardhi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa upole wake wa siku zote, akaketi, akanywa kahawa, akauliza hali ya kila mmoja wetu. Ndipo akasema kiwanja kimeuzwa, na kwamba mvua za vuli zisitukute hapo.  Baba aliuliza habari za trekta tu. Bwana Athmani alikwisha kumwahidi hilo mnunuzi wa skrepa, yaani vyuma chakavu.

"Mzee wangu, wallahi mimi sina neno nawe," alisema. "Lakini kilichoshika ardhi ni cha ardhi. Tazama mwenyewe."

Tulitazama. Magurudumu yalikuwa yamezama mchangani, na mwarobaini mchanga ulikuwa umepenya kati ya ekseli na ubao wa kukanyagia.

"Hilo ni gari," Baba akasema. "Halikuota."

"Gari hutembea."

Baba akauliza: "Na likitembea?"

"Likifika barabarani kwa nguvu zake, mbele ya mashahidi, ni lako. Mimi mwenyewe nitakupa mkono."

Tangu siku hiyo nyumbani hapakuzungumzwa jambo jingine. Baba na Mzee Kazungu walifukua magurudumu, wakakata mwarobaini, wakafungua injini na kuifunga tena. Mama aliyekuwa akifungasha vyombo alifunga pia mdomo. Hata yeye, nadhani, alitaka litoke.

Siku yenyewe majirani walijaa uani. Mnunuzi wa skrepa aliegesha pikapu yake kando ya barabara na kungoja. Karatasi ya kwanza iliungua bure, na ya pili. Mzee Kazungu alichoka, akateuliwa kijana mwenye misuli, naye akachoka. Mwishowe Baba akaishika hendeli mwenyewe. Gurudumu la ubavuni lilizunguka, likakaribia kumaliza mzunguko, likashindwa, likarudi nyuma kwa kishindo kilichomrusha Baba kando, na hapohapo injini ikashika. Dum. Dum. Dum. Moshi mweusi ulipanda juu ya mabati. Wanawake walipiga vigelegele, na mimi nikaruka ruka kama mwendawazimu.

Baba na Mzee Kazungu tu ndio hawakufurahi.

"Shemeji," Mzee Kazungu alisema, "inazunguka kinyume."

Injini ya namna ile haijui mbele wala nyuma. Huzunguka kule ilikoshikia. Kwa upande wa gia, hilo si tatizo: ya kurudi nyuma huwa ndiyo ya kwenda mbele. Tatizo ni oili. Pampu huvuta upande mmoja tu, na injini ikizunguka kinyume hujisaga kavu.

"Zima, tuanze upya," Mzee Kazungu akasema.

"Nikizima haitawaka tena."

"Usipozima itakufa."

"Najua," Baba akasema. Akapanda kitini, akatia gia ya nyuma, na trekta likaenda mbele.

Lilipita jiko, likapita mlango wetu, watu wakitembea sambamba nalo wakipiga makofi kama kwenye harusi. Mlio ulianza kubadilika. Ile dum nzito ilikauka, ikawa kama nyundo juu ya reli, na harufu ya chuma cha moto ikafunika ile ya karatasi. Magurudumu ya nyuma yalipokanyaga barabara, kitu kilipiga kelele ndani, na trekta likasimama. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda. Bwana Athmani alikuwa mtu wa ahadi. Alimpa Baba mkono mbele ya wote na kusema, "Ni lako, mzee."

Nilipanda juu ya matigadi, lile bati la juu ya gurudumu, karibu na sikio la Baba.

"Baba, tunalipeleka wapi?"

Alitazama barabara upande mmoja, kisha upande wa pili.

Mzee Kazungu asingeweza kulichukua. Naye alikuwa amepewa muda wa kuhama kule Bofu. Karani aliishi katika nyumba ya kazini. Watatu wale walikuwa na injini za trekta, na hakuna aliyekuwa na shamba. Lilikaa kando ya barabara hadi watu wakaanza kulalamika, na yule mtu wa skrepa akarudi na mitungi ya gesi ya kukatia chuma. Baba alimsaidia. Alimwonyesha boliti zilipo, akazilegeza mwenyewe kwa spana, ili chuma kisikatwe ovyo.

Baadaye nilijifunza injini hizo kwa vitabu vya mitumba, ukurasa kwa ukurasa, nikidhani nitapata pale alipokosea. Hakukosea popote. Kwa miaka mingi niliamini kwamba aliiua injini ili aliokoe trekta, na nilimhurumia kwa hesabu hiyo mbaya. Lakini alipouliza "Na likitembea?" alikuwa tayari anajua hana pa kulipeleka. Aliliendesha kavu hadi barabarani ili asikie tu, mbele ya watu, kwamba kuna kitu ni chake. Alisikia. Kisha akashuka, akaenda kumsaidia Mama kung'oa milango.