Lori Lililozama Mchezoni

Sokoni walimwita Bi Magunia, na jina lilimkaa. Kwa miaka ishirini alitoa mahindi mji wenye mavuno na kuyapeleka mji wenye njaa. Alitia mkono ndani ya gunia, akanusa kiganja, akakuambia kama mzigo utafika salama au utaota ukungu njiani.

Mtoto wa mdogo wake alikuwa mtengenezaji wa michezo ya kompyuta. Siku moja alimfuata dukani.

"Mama Mkubwa, tunatengeneza mchezo wa miji inayouziana chakula, na hakuna kati yetu aliyewahi kushika hata debe. Njoo utufundishe."

Alikwenda wiki tatu, amevaa viatu vyake vya kutokea. Aliwaeleza habari za panya, za vizuizi vya barabarani, za mji unavyonyamaza chakula kikipungua. Waliandika kila neno. Siku ya mwisho, kwa jinsi walivyomsikiliza, akawatolea na lile alilokuwa amelificha moyoni. Mwaka wa mafuriko alimhimiza mumewe avuke na lori la mahindi kabla daraja halijafungwa. Mume akasita.

"Nikamwambia, kama unaogopa maji, nipe ufunguo niendeshe mwenyewe," alisema. "Akaenda. Daraja likaondoka naye."

Mchezo ulipotoka, kijana alimletea kwenye simu. Wakakaa nyuma ya mizani, Bi Magunia akapeleka mahindi mji wenye njaa. Watu wa mji ule wakaongezeka, naye akatabasamu. Kisha mvua ikanyesha kiooni, maandishi yakatokea: "Daraja limevunjika. Umepoteza lori na magunia mia mbili." Papo hapo lori jipya likasimama ghalani.

"Na dereva?" aliuliza.

"Dereva hahesabiwi, Mama Mkubwa. Ni mchezo tu."

"Kitoeni hicho kipande."

Kijana alikwenda kuuliza, akarudi anaangalia chini. Akasema bosi wake amekataa. Wachezaji wanakipenda kuliko vyote, wanasema kina ukweli.

"Na wewe ulisemaje?"

Kijana akaanza kufuta vumbi la unga kwenye mizani.

Bi Magunia hakugombana naye. Jumamosi kijana alipokuja kuchukua mchele kama kawaida yake, alimkuta kwenye mizani. Bi Magunia akampimia kilo zake, akafunga mfuko, akausukuma mezani.

"Mama Mkubwa..."

"Nani anafuata?" Bi Magunia aliuliza, akimtazama mteja aliyesimama nyuma ya kijana.